Kupiga picha makinda ya tai na mwewe bila kuwavurugia kiota

Kabla hujaanza kuwaza lenzi jua kwanza makinda wana umri gani, hapo ndo kazi yote ilipo. Mama akiwa bado analalia mayai kaa mbali kabisa, ukimtimua mayai yanapoa na saa zingine anasusa kiota moja kwa moja. Wakishaanguliwa, wiki mbili za mwanzo bado ni noma vilevile, kinda ana manyoya laini tu na mwili wake haujaweza kujitunzia joto, asipofunikwa na mama baridi inamuua, na jua kali pia linamuua. Halafu wakikaribia kuruka ukiwashtua wanajirusha mabawa hayajakomaa. Kwa hiyo muda wa kwenda ni hapo katikati, manyoya ya mabawa yakianza kuchomoza kwenye vile vifuko vyake vya kijivu, yani utadhani ncha za kalamu.

Na usipande mti kuchungulia! Tazama chini. Makinda wakipata nguvu wananyanyua mkia na kurusha kinyesi nje ya kiota, ukikuta majani ya chini yametapakaa meupe ujue humo ndani kuna watoto wameshakua kidogo. Matawi yanayokuziba yaache yalivyo, ndo kivuli chao na ndo yanawaficha kunguru wasiwaone.

Chukua lenzi ya kuvuta mbali, ya mm 400 mpaka 600, na tripodi. Umbali sikupangii mita, mzazi mwenyewe atakwambia, akilia mfululizo juu ya kichwa chako au ana windo miguuni na anazunguka tu hatui, umesogea mno, rudi nyuma. Ukitumia kibanda cha turubai cha kujifichia kianzie mbali ukisogeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na muingie wawili kisha mmoja atoke aende zake aonekane, ndege mara nyingi anaona mtu kaondoka anatulia.

Flashi zima, mlio wa kamera zima, droni usiilete kabisa. Makinda wakiwa wametulia shata (muda kamera inaoachia mwanga uingie) ya sekunde 1/500 inatosha, ila mzazi anapotua nenda 1/2000. Punguza ekspozha, yani mwanga unaoingia kwenye picha, kidogo maana yale manyoya meupe yanaungua haraka, yanabaki doa jeupe tupu.

Jiandae pia kuona vitu vya kuumiza. Tai mweusi wa milimani kawaida anataga mayai mawili na kinda mkubwa karibu kila mara anamdonoa mdogo mpaka afe, we piga picha au funga kamera, usiingilie. Bundi nao makinda wao hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka, ukimkuta kwenye tawi peke yake sio yatima huyo, usimbebe.

Ulizia na sheria mapema, Uingereza kwa mfano sheria ya wanyamapori ya 1981 inakataza kumsumbua kozi au tai wa dhahabu akiwa kiotani, bila leseni ni kesi. Na kabla hujaposti futa lokesheni kwenye picha, wezi wa mayai na makinda nao wanazipitia hizo picha.