Namna ya kurudisha mikoko katika pwani ya Dar es Salaam

Anayetaka kurudisha mikoko Kunduchi, Mbweni, Mtoni Kijichi au penginepo katika pwani ya Dar es Salaam, kwanza achunguze ile iliyokuwapo iliondoka kwa sababu gani. Ikiwa ilikatwa kwa ajili ya boriti, fito au kuni za kuchomea chokaa, na maji ya bahari bado yanaingia na kutoka kama zamani, basi sehemu hiyo inafaa kupandwa, na mara nyingi ikilindwa tu huota yenyewe kwa mbegu zinazoletwa na maji. Lakini ikiwa palijengwa tuta la shamba la chumvi, pakamwagwa kifusi, au barabara ikaziba mkondo, miche itakufa hata ikipandwa kwa maelfu, kwa sababu mti huu huishi kwa maji yanayoujia na kuuacha kwa wakati wake. Hapo kazi hufanywa kwa jembe na koleo: kuvunja tuta lililoachwa, kufungua mkondo wa zamani, kisha kusubiri hata msimu mzima ili kuona kinachoota. Inasikitisha kwamba hatua hii hurukwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayoamua mengine yote.

Kabla ya kugusa chochote, nendeni serikali ya mtaa, kwa wavuvi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, na kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa kuwa misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali na haikatwi wala kubadilishwa bila kibali. Shamba la chumvi lililoachwa nalo laweza kuwa na mwenyewe. Inafaa pia kujua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kifungu hicho ni ngao ya wananchi pale mtu anapoanza kufukia tope ili ajenge.

Kila aina ya mikoko ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi. Nyuma yake, kwenye tope laini, hukaa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama magongo ya mzee, na baada yake msinzi na mkandaa. Mchu huvumilia chumvi nyingi kuliko wenzake, ndiyo maana huonekana hadi nyuma kabisa, palipo pakavu na ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani bahari inapojaa sana. Njia ya uhakika ni kuutazama msitu mzima ulio karibu na kufuata mpangilio wake, badala ya kupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kupatikana. Msipande juu ya majani ya bahari, kwani hayo nayo ni malisho na makazi ya samaki, wala kwenye njia ya mitumbwi.

Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini na kurefuka hadi kufikia sentimeta 50 au zaidi. Ishikeni mkononi na kutazama pale inapoungana na tunda: iliyokomaa huwa na pete ya rangi ya manjano, na ikizungushwa kidogo huachia bila kung'ang'ania. Isiyoachia iacheni mtini. Zilizookotwa chini zafaa ikiwa hazijatobolewa na wadudu wala kukauka. Zihifadhiwe kivulini chini ya gunia bichi. Zikikaa siku chache hadi mng'ao wake upungue, kaa hawazishambulii sana. Mbegu ndogo za mchu na mlilana husombwa upesi, hivyo ni afadhali zioteshwe kwanza kwenye viriba, katika kitalu kinachofikiwa na maji ya bahari.

Pandeni siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu mkipanda karibu na bamvua mbegu zitang'olewa kabla hazijashika. Ingieni maji yakiwa yamekupwa. Ncha iliyochongoka ielekee chini, nayo mbegu isukumwe kwa mkono mpaka theluthi yake izame kwenye tope, bila kuigonga, na kila moja iachane na nyingine kwa mita moja hadi mita moja na nusu.

Uangalizi ndio unaochosha, na katika jiji hili adui mkubwa ni takataka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa, vipande vya nyavu na nguo chakavu bado huteremka na mito, hasa wakati wa masika, vikaulalia mche hadi ukakatika. Gaweni zamu za kuviondoa kwa mikono, mkianza na siku zinazofuata mvua kubwa, na zuieni mbuzi na ng'ombe wasifike kwenye mchu. Kila baada ya miezi michache hesabuni miche iliyo hai katika eneo dogo lilelile mliloliwekea alama. Ikifa michache hapa na pale, jazeni mapengo. Ikifa yote upande mmoja, acheni kupanda na mrudi kuangalia maji yanapita wapi.