SOMO: Jinsi ya kusoma ramani za kale za Nchi Takatifu (kabla hujaniambia "imepinduka")

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya ramani ya zamani ya Nchi Takatifu na swali lilelile: mbona imekosewa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja inboksi. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Hatua ya 1: Pata picha kubwa. Ya kwenye WhatsApp imeshabanwa, majina hayasomeki. Mkusanyiko wa Eran Laor wa Maktaba ya Taifa ya Israeli na ule wa David Rumsey iko mtandaoni, bure.

Hatua ya 2: Soma kichwa. "Terra Sancta" na "Palaestina" hazihitaji shule ya Kilatini.

Hatua ya 3: Jua upande wa juu ni upi. Hapa ndipo watu wanapotea, kwa hiyo tulia. Kaskazini kukaa juu ni mazoea yetu tu. Ramani ya vijiwe vya rangi iliyo kwenye sakafu ya kanisa kule Madaba, Yordani, ya karne ya 6, imeweka mashariki juu. Ile ya Lucas Brandis iliyopigwa chapa Lübeck mwaka 1475, ya kwanza ya Nchi Takatifu kuchapwa, nayo mashariki juu. Ya mchora ramani Adrichom, mwaka 1590, hivyohivyo. Ukifikiria safari ya hujaji wa Ulaya utaelewa: anakuja na meli, anashuka Yafa, nchi yote iko mbele yake. Basi bahari inakaa chini ya karatasi na mto Yordani juu.

Usianze kutafuta dira, nyingi hazina. Tafuta maji mawili: Bahari ya Chumvi na Bahari ya Galilaya, yaliyounganishwa na Yordani. Toka Chumvi kwenda Galilaya, huko ndiko kaskazini. Ukielekea huko, Bahari Kuu (Mediterania) lazima iwe kushoto kwako.

ONYO: Ikiwa kulia, ramani yenyewe ilichapwa kinyume. Yalitokea Zürich mwaka 1525: mchapaji Froschauer alitia ramani kwenye Agano la Kale, ikatoka kama taswira ya kwenye kioo, bahari ikahamia mashariki ya nchi.

ONYO la pili: kwenye simu ZUNGUSHA picha, usiipindue kushoto-kulia. Ukiipindua herufi zitasomeka kinyumenyume, halafu utakuja kunililia.

Hatua ya 4: Tenganisha nchi na hadithi. Karatasi moja inabeba karne nyingi. Waisraeli wanazunguka jangwani kituo kwa kituo kama ilivyo Hesabu 33, makabila kumi na mawili yameshagawiwa mashamba, na pale baharini Yona anatupwa kwa samaki. Vyote kwa pamoja! Usiulize ni ramani ya mwaka gani wa Biblia. Ya mchora ramani Ortelius kuhusu Ibrahimu imeizungushia Kanaani picha 22 za maisha yake, na kwa maoni yangu hakuna iliyoipita. Inayoikaribia ni ya Kiebrania, ya Haggada (kitabu cha Wayahudi cha usiku wa Pasaka) ya Amsterdam ya 1695: ng'ombe na mizinga ya nyuki (maziwa na asali, umeelewa), tai wa Kutoka 19:4, na mierezi ya Lebanoni ikielea kwenda kwa Sulemani.

Hatua ya 5: Ndiyo sasa upime umbali, kama bado unataka.

MASWALI

Jembe Kali: Mkuu, hii yangu imepinduka au vipi?
Jibu: Ipi? Hujaweka picha. Hatua ya 3.

Jembe Kali: Nimeisoma yote lakini sijaelewa.
Jibu: Chumvi. Galilaya. Mstari.

Mtu wa Pwani: Kuna moja dunia ni ua la majani matatu, Yerusalemu katikati. Ina maana hawa jamaa hawakujua jiografia kabisa?
Jibu: Walijua. Hiyo ni ya Heinrich Bünting, 1581, na kitabu hichohicho kina ramani ya dunia ya kawaida. Jani lile ni nembo ya Hanover, kwao. Tusiwacheke watu kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Mama Neema: Nafundisha Shule ya Jumapili. Watoto wameona moto katikati ya Bahari ya Chumvi wakaniuliza, nikakosa jibu.
Jibu: Swali zuri mama, shikamoo. Ni miji minne inaungua: Sodoma, Gomora, Adma na Seboimu, wametajwa pamoja Kumbukumbu 29:23. Mwanzo 14:3 inasema bonde la Sidimu ndilo Bahari ya Chumvi, basi wachoraji wakaizamisha miji humo huku moto ukiwaka. Waonyeshe pia Madaba: kuna samaki ndani ya Yordani amekaribia chumvi, anageuza kurudi alikotoka. Watoto watampenda.

Mama Neema: Marahaba. Kumbe! Samaki nitawachorea ubaoni.

Fundi Saa: Nimeuziwa moja kwenye fremu, wanadai ya miaka 400. Nitajuaje?
Jibu: Itoe kwenye fremu. Chukua lenzi ya kukuzia: ukiona vidoti vidogo vya rangi vimejipanga, ni nakala ya kiwandani. Iliyochapwa kwa bamba la shaba ina mistari mikali, na pembeni kuna alama ya bamba lilipokandamiza karatasi. Iliyochapwa kwa ubao wa kuchongwa haina alama hiyo, usiitupe kwa sababu hiyo. Inyanyue dhidi ya mwanga, karatasi ya zama zile huonyesha mistari ya chekeche iliyotengenezea karatasi. Rangi ya kijani ya shaba nayo huila karatasi, geuza nyuma uone kama imeungua kahawia.

Fundi Saa: Vidoti kila mahali. Dah. Basi naigandisha plastiki niitundike sebuleni.
Jibu: Hiyo ruksa. Ya kweli usithubutu, wala selotepu usiisogeze karibu.