Somo: Kumtoa mtoto kwenye chupa na kumzoesha kikombe

Habari zenu wazazi na walezi. Maswali ya kuachisha chupa yamekuwa yakirudi kila mara, kwa hiyo leo nayakusanya pamoja. Someni mpaka mwisho kabla hamjakimbilia dukani, maana kazi yenyewe iko mdomoni mwa mtoto, na kikombe utakachonunua ni sehemu ndogo tu.

Mtoto anayetoka kwenye chupa anajifunza kumeza upya. Kwenye chuchu, ulimi wake huenda mbele na nyuma ukikamua maziwa. Kwenye kikombe, mdomo wa chini unatulia juu ya ukingo, kinywaji kinaingia kidogo kidogo, ulimi unakikusanya na kukisukuma nyuma, midomo inafunga, ndipo anameza. Ndiyo maana siku za mwanzo anamwaga, anatema, na mara nyingine anapaliwa kidogo. Hajakataa kikombe, anajifunza. Kile kikombe chenye mfuniko na mdomo mrefu ni daraja la kuvukia tu. Avuke, asijenge nyumba pale.

Hatua ya 1: Anza mapema, chupa zikiwa bado zipo

Wengi husubiri mtoto afike mwaka ndipo wamnyang'anye chupa zote siku moja. Hapo vita huwa vikubwa bila sababu. Anza kumwonyesha kikombe akiwa na miezi 6 hivi, wakati uleule anapoanza vyakula. Dalili za kuwa tayari ni hizi: shingo imekaza, anakaa vizuri kwa msaada kidogo, na kila anachokishika anakipeleka mdomoni. Kutoka hapo una miezi mingi ya mazoezi bila haraka. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, wanashauri kikombe kianze karibu na miezi 6 na chupa iwe imeachwa kati ya miezi 12 na 18.

Hatua ya 2: Chagua kikombe

Vipo vya aina nyingi: cha mdomo mgumu, cha mdomo laini wa silikoni, cha mrija, kile anachonywea upande wowote wa ukingo, na kikombe cha kawaida kilicho wazi. Kabla ya kununua, fungua mfuniko uangalie kama ndani kuna kijipira kinachozuia maji yasitoke. Hiyo ndiyo valvu. Kikombe chenye valvu hakimwagi hata ukikipindua, na kwa safari kinasaidia kweli, lakini ili apate kitu mtoto inabidi avute kwa nguvu, yaani ananyonya vilevile kama kwenye chupa. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwaelekeza wazazi kwenye kikombe kilicho wazi au chenye mfuniko usio na valvu, ambacho maji hutiririka yenyewe.

Ushauri wangu: kimoja kidogo kilicho wazi na kimoja cha mrija au cha mdomo usio na valvu. Viwili vinatosha. Rangi na picha za wanyama hazimfundishi mtoto kunywa.

Hatua ya 3: Maji kidogo wakati wa chakula

Mweke mtoto wima kabisa. Weka kwenye kikombe kilicho wazi maji ya vijiko viwili vitatu tu, maji salama ya kunywa. Shika wewe, yeye aweke mikono juu ya yako. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maji yaguse mdomo, kisha ngoja. Usimmiminie. Yeye ndiye ayafuate. Akipata funda moja, ondoa kikombe ameze apumue, halafu rudia. Mafunda machache kila anapokula yanatosha.

Kati ya miezi 6 na 12 maji hayahitaji kuzidi mililita 120 hadi 240 kwa siku, maana yakizidi yanachukua nafasi ya maziwa tumboni. Aliye chini ya miezi 6 haanzi mazoezi haya kwa maji.

Mrija una ujanja wake. Tumbukiza mrija kwenye maji, ziba tundu la juu kwa kidole, maji yatabaki ndani. Weka ncha mdomoni mwa mtoto. Akifunga midomo tu, achia kidole, maji yadondoke. Baada ya kurudia rudia anagundua kwamba akivuta, kinakuja.

Hatua ya 4: Maziwa yaingie kikombeni

Akishajua maji, mpe maziwa yaleyale anayoyajua, maziwa ya mama au ya kopo, kwa joto lilelile alilozoea. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, chombo kipya na maziwa mapya. Maziwa ya ng'ombe hayawi kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka 1. Juisi nayo isubiri mwaka upite, na hata hapo si lazima.

Hatua ya 5: Punguza chupa moja moja

Hapa ndipo pagumu, tuende taratibu.

Anza na chupa ya mchana, ile anayoijali kidogo kuliko zote. Mahali pake weka kikombe cha maziwa pamoja na chakula, akiwa amekaa, mchangamfu. Kaa hapo siku kadhaa mpaka azoee. Kisha ondoa ya jioni, kisha ya asubuhi. Chupa ya kulalia iwe ya mwisho, kwa sababu hiyo hainywewi kwa njaa pekee, inamtuliza.

Ukifika kwenye hiyo ya usiku, panga utaratibu mpya kabla ya kuiondoa: maziwa kwenye kikombe sebuleni au jikoni, meno yapigwe mswaki, kisha kukumbatiwa, wimbo au hadithi, kitandani. Atalia siku za mwanzo. Mbebe, mbembeleze, kaa naye. Chupa ndiyo inayoondoka, wewe upo.

Naomba nisisitize juu ya meno, maana nimeona watoto wadogo mno wakiteseka. Mtoto akilala na chupa mdomoni, maziwa yanabaki yamezunguka meno, na usingizini mate hupungua, hayaoshi. Bakteria wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi inayokula jino. Meno ya mbele ya juu ndiyo huanza, ya chini hukingwa na ulimi. Inua mdomo wake wa juu uangalie: mstari mweupe kama chaki karibu na fizi ndiyo dalili ya kwanza, kabla ya kahawia na matundu. Ukiuona, mpeleke kwa daktari wa meno mapema. Kunywa akiwa amelala chali kunahusishwa pia na maambukizi ya masikio.

Na kikombe cha mfuniko kisigeuzwe chupa ya mchana kutwa. Mtoto anayezunguka nacho akinywa maziwa au juisi kidogo kidogo, meno yake hayapumziki. Katikati ya milo, maji matupu.

Akiumwa au mkiwa mnahama nyumba, simamisha, uendelee mambo yakitulia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa miezi saba: Asante kwa somo. Wangu nikimpa maji kwenye kikombe anayaachia yote yatoke. Inaonekana hajui kabisa kumeza. Niache kwanza?

Jibu: Usiache, mama. Hiyo ndiyo miezi saba. Maji ni mepesi, yanakimbia kabla ulimi haujajipanga. Weka maziwa yake kidogo badala ya maji, au yafanye mazito kidogo kwa kuchanganya na uji au matunda yaliyopondwa, afanye mazoezi hayo akiwa amekaa wima. Mfunge kitambaa kifuani, kubali kulowa.

Baba wa mwaka na miezi minne: Maji anakunywa kwenye kikombe bila shida. Maziwa yakiwa humo anasusa, anataka chupa. Tulipoficha chupa hakunywa maziwa siku nzima. Mama yake ana wasiwasi.

Jibu: Baba, katika umri huu chakula ndicho kikuu. Nusu lita ya maziwa kwa siku inatosha, na sehemu yake inaweza kutoka kwenye mtindi, jibini au maziwa yaliyopikiwa chakulani. Wanaokunywa chupa mchana kutwa hupita mililita 700, wanashiba maziwa, chakula chenye madini ya chuma kinabaki kwenye sahani, na hatimaye damu inapungua. Jaribu kikombe tofauti na kile cha maji, pasha maziwa kidogo, na unywe naye mezani akuone. Usitie sukari kumshawishi. Mkiamua chupa zimeondoka, zitoke kabisa machoni pake. Anayepewa baada ya kulia sana hujifunza kwamba kilio kirefu ndicho kinacholeta chupa. Angalia nepi zake: zikilowa kama kawaida naye akicheza, mama atulie.

Mama anayerudi kazini: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miezi mitano, ananyonya tu, chupa hajawahi kuishika. Je, nimfundishe chupa kwanza ndipo nije nimwachishe?

Jibu: Marahaba. Hakuna haja ya kupita huko. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakubali kikombe hata kwa mtoto mchanga, na watoto waliozaliwa kabla ya wakati hulishwa hivyo hospitalini. Maziwa uliyokamua yawekwe kwenye kikombe kidogo kilicho wazi. Mlezi ampakate mtoto akiwa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni, mtoto ayalambe na kuyafyonza mwenyewe. Ni marufuku kumwagia. Mfundishe mlezi ungali nyumbani, umwone akifanya.

Mama wa pacha: Kwenye mrija kumetokea madoadoa meusi. Nimechemsha hayatoki.

Jibu: Hiyo ni kuvu, dada, tupa mrija huo. Kila baada ya kunywa fungua vipande vyote, valvu na mrija pia, osha kwa maji ya moto na sabuni, pitisha brashi nyembamba ndani ya mrija, acha vikauke kabisa kabla ya kuvifunga. Maziwa yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwage, usimtunzie.

Mama: Wangu anakohoa kila akinywa kwenye kikombe, na sauti inakuwa kama ina maji. Ana miezi kumi.

Jibu: Kupaliwa mara moja moja ni kawaida. Kila mara, tena na sauti hiyo, hapana. Sitisha kikombe, umpeleke hospitali wamwangalie anavyomeza. Usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Mama wa kifungua mimba: Nyumbani tumeshaacha chupa. Akienda kwa bibi yake anapewa, akirudi tunaanza upya. Namheshimu mama, sijui nimwambieje.

Jibu: Usimwendee na makosa yake. Mpelekee kikombe anachokipenda mtoto, mwonyeshe namna anavyonywa, kisha mwombe yeye ndiye ampe siku hiyo, wewe ukae pembeni. Mweleze habari ya meno, mwonyeshe meno ya mjukuu wake. Na chupa iliyoko kwake, mwombe uondoke nayo.