Kulinda Shamba na Maji ya Chini ya Ardhi Kabla na Baada ya Uchimbaji wa Gesi

Sehemu kubwa ya kazi ya mwenye shamba hufanyika kabla mtambo wa kuchimba haujafika, kwa sababu maji yakishaharibika bila kumbukumbu ya hali yake ya awali, ni vigumu mno kuthibitisha kilichoyaharibu. Methani, yaani gesi yenyewe inayochimbwa, kwa mfano, huweza kuwamo kiasili katika kisima cha maji, ikitokana na vijidudu vya ardhini, na mchimbaji hatasita kulisema hilo.

Chukua sampuli za maji katika majira tofauti, kupitia maabara isiyofungamana na kampuni inayochimba, na kila anayezipokea atie saini. Omba vipimo vya methani, kloridi, sodiamu, bariamu, benzini na jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Methani ikionekana, omba pia kipimo cha isotopu za kaboni (aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito), ambacho husaidia kutofautisha gesi ya vijidudu na ile itokayo kwenye miamba ya kina kirefu. Andika kina cha maji kisimani kila mwezi, hasa pale gesi inapotolewa kwenye matabaka ya makaa ya mawe, kwa kuwa huko maji husukumwa nje kwanza ili gesi iachiliwe. Banda la pampu lipitishe hewa vizuri: methani haina harufu, na ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa huweza kulipuka.

Katika mkataba na kampuni, dai kwamba mabomba ya chuma ya kisima cha gesi yazungushiwe saruji hadi chini ya tabaka la maji mnayotumia, na upewe matokeo ya majaribio ya shinikizo; saruji iliyopasuka ndiyo njia ya kawaida ya gesi kupanda. Maji machafu ya uchimbaji, ambayo mara nyingi huwa na chumvi, yahifadhiwe kwenye matangi yaliyofungwa badala ya mashimo ya wazi.

Udongo wa juu uondolewe na kurundikwa peke yake, kisha magari yabaki kwenye njia moja, maana udongo uliogandamizwa huchukua miaka mingi kulegea. Maji ya chumvi yakimwagika, usikimbilie kuusuuza udongo kwa maji mengi, kwani waweza kuisukuma chumvi hadi kwenye maji ya chini. Zuia yasisambae, pima udongo, na ikiwa sodiamu imezidi, uliza kuhusu kutumia jasi, madini yenye kalsiamu ambayo husaidia kuiondoa sodiamu kwenye udongo.

Hatimaye, mkataba utaje dhamana ya fedha itakayogharimia kuziba kisima cha gesi kwa saruji, hata kampuni ikifilisika.