Kabla Fundi wa Faiba Hajatoboa Ukuta

Fundi wa faiba akifika, swali lake la kwanza huwa fupi: "Tuweke wapi?" Asiyejiandaa huonyesha ukuta wowote ulio karibu na dirisha, tundu linatobolewa, kifaa kinapachikwa, na kuanzia siku hiyo mtandao wa nyumba nzima unafuata jibu lililotolewa kwa haraka. Nakusihi ulitafute jibu hilo mapema. Kifurushi unaweza kukibadilisha kwa kupiga simu tu, lakini waya uliofukiwa chini ya plasta kuuhamisha ni kazi na gharama.

Anza kwa kuchora nyumba kwenye karatasi. Si lazima mchoro uwe mzuri. Onyesha vyumba, milango, na mahali kuta zilipo nene. Kisha weka alama palipo na vifaa visivyohamahama: televisheni, kompyuta ya mezani, printa, kamera za ulinzi. Kila kisichohama kipe waya. Simu na kompyuta mpakato ndizo uziachie Wi-Fi. Hewa ni moja, na vifaa vilivyo kwenye chaneli moja hupokezana zamu ya kuzungumza, kwa hiyo televisheni inayovuta filamu kwa waya imejitoa kwenye foleni na kuwaachia wengine nafasi. Hata asiyegusa waya kabisa ananufaika nao.

Sasa waya wenyewe, na hapa naomba usiwe na haraka. Kebo za mtandao huuzwa kwa madaraja: Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na kwa nyumba nyingi hiyo inatosha. Cat6 huweza kufika gigabiti 10 kwa umbali wa mita 55 hivi, na Cat6A hubeba kasi hiyo hiyo hadi mita 100. Kama ukuta bado haujapigwa plasta, mimi ningeweka Cat6, kwa sababu gharama kubwa iko kwenye kuchimba na kupitisha. La kuogopa zaidi ni kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo huuzwa kwa bei ya chini na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Menya ncha, chukua uzi mmoja, ukwaruze kwa kisu: shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, alumini inatoa weupe. Ukiona weupe, iache dukani. Hukatika kirahisi, na ukiitumia kupeleka umeme kwa kamera inaweza kupata joto.

Ndani ya kebo kuna nyuzi 8 zilizosokotwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, gigabiti hutaka zote nne. Ndiyo maana uzi mmoja ukikatika au ukikosa kushika kwenye plagi, mara nyingine mtandao hauzimiki: unashuka kimyakimya hadi megabiti 100, nawe unamlaumu mtoa huduma. Kipimo kikigota kwenye megabiti 94 hivi kila unapopima, chunguza plagi kwanza, na uangalie pia kama poti (matundu ya kuchomeka kebo) za ruta na za swichi yako, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa waya, ni za gigabiti. Mpangilio wa rangi unaotumika sana, T568B, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ufuate huo huo pande zote mbili.

Pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, na uache kamba ndani yake ili siku ya kuongeza waya usibomoe kitu. Kila mahali ulipopanga kebo moja, weka mbili. Usizilaze pamoja na nyaya za umeme kwenye bomba moja. Ziachie nafasi, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba. Zote ziishie sehemu moja yenye soketi ya umeme na hewa ya kutosha, ambapo swichi itakaa.

Uzi wa faiba una masharti yake. Ndani yake ni kioo, hivyo usiukunje kwa pembe kali, usiupigilie misumari ya kubana, wala usiufungie nyuma ya kabati litakaloubana. Plagi ya kijani ina uso uliokatwa kwa mshazari wa digrii 8. Haipatani na ya bluu hata kama inaingia. Usiichungulie ncha ya faiba, kwani mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru.

Watu wengi hudhani ruta lazima ikae pale faiba inapoingilia. Si lazima. Kifaa kinachogeuza mwanga kuwa ishara za umeme, ambacho mafundi hukiita ONT, kinaweza kukaa pembeni, kisha kebo moja ikapeleka mtandao hadi ruta iliyo katikati ya nyumba. Kama mtoa huduma ameviunganisha viwili hivyo kwenye boksi moja, zima Wi-Fi yake na uweke kisambaza Wi-Fi kilichounganishwa kwa waya mahali panapofaa. Kikae juu, peupe, mbali na zege lenye nondo, matangi ya maji, vioo vikubwa na mgongo wa televisheni. Nyumba ndefu au ya ghorofa inahitaji visambazaji viwili au zaidi, kila kimoja na waya wake. Ripita isiyo na waya ni suluhisho la mwisho: ile ya kawaida hupokea na kurusha kwa redio moja, na kasi hupungua karibu nusu.

Kwenye masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu ndizo zisizoingiliana. Gigahezi 5 ina kasi zaidi ila hupenya kuta kwa shida.

Kabla ya kutia saini, muulize mtoa huduma kasi ya kupakia, si ya kupakua peke yake, hasa kama una kamera au mikutano ya video. Kumbuka pia kwamba megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Uliza kama utapewa anwani ya IP ya umma, yaani namba ya peke yako inayokutambulisha kwenye intaneti, au mtachangia na wateja wengine, kwani ya kuchangia huzuia kuingia moja kwa moja kwenye vifaa vyako ukiwa mbali.

Umeme ukikatika, faiba ya GPON, aina ambayo uzi mmoja hugawanywa kwa wateja wengi, mara nyingi huendelea kufanya kazi, kwa kuwa vigawanya mwanga vilivyo njiani havitumii umeme. ONT, ruta na swichi zako zikiwa na betri ya akiba, mtandao haukatiki. Upande wa usalama: badilisha nenosiri la msimamizi wa ruta, tumia ulinzi wa Wi-Fi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi), na wageni wape mtandao wao.

Siku ya kuunganishwa, usimruhusu fundi aondoke kabla hujapima kasi kwa kompyuta iliyochomekwa waya. Mwombe akuonyeshe kipimo cha mwanga unaofika kwenye ONT. Kwa GPON ya kawaida kinatakiwa kiwe kati ya -8 na -27 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga; -27 ndio hafifu zaidi). Kikikaribia -27, mwambie asafishe plagi na akague mikunjo, kisha apime tena. Namba ya mwisho iandike kwenye ule mchoro wako, ili taa ya LOS, inayoashiria mwanga umepotea, ikiwaka nyekundu siku moja au kasi ikiporomoka, fundi ajaye awe na cha kulinganisha.