Bunduki ya utambi ya jukwaani: namna ya kutengeneza na kupata mtambo wake

Nimezitengeneza hizi kwa ajili ya igizo la Fort Jesus, ile vita ya Waomani kuizingira ngome ya Mombasa, Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kwenye bunduki ya utambi, ukivuta kifyatuo, mkono ulioshika utambi unaowaka hushuka na kuwasha baruti iliyo kwenye kibakuli. Hii yangu hailipui kitu, ila mtambo wake unacheza kweli, na huo ndio watazamaji wanaoutolea macho.

1. Amua ni bunduki ya nani. Katika bunduki nyingi za Ulaya, mkono ulioshika utambi hurudi nyuma kumwelekea mpigaji. Kwenye za Uarabuni na India, mkono huo hutokea kwenye mwanya katikati ya mti (sehemu ya mbao inayobeba mtutu) na kuangukia mbele. Ukikosea hapa, umemvika Mwomani silaha ya Mzungu. Ndiyo maana sikushauri kuagiza mtambo wa chuma kutoka nje: mingi inayouzwa ni ya mtindo wa Ulaya, na kifurushi kilichoandikwa "sehemu za bunduki" kitakupa kazi forodhani. Uchonge mwenyewe.

2. Mti na kasiba (mtutu). Urefu sentimita 160 hivi, kitako chembamba. Msonobari unatosha; mvule utamchosha mwigizaji. Kasiba iwe mti mzima wa duara, milimita 25, uliopakwa rangi ya chuma. Usitumie bomba hata kidogo, wala usitoboe tundu la kuwashia. Weka nukta nyeusi ya rangi. Pete za fedha zinazofunga kasiba na mti kata kwenye kopo la soda.

3. Mtambo. Chora kwanza kwenye kadibodi kwa ukubwa halisi, ubane kwa pini, uuchezeshe mpaka uridhike. Kisha hamishia kwenye bapa la shaba la milimita 2.

Mkono una sentimita 8 juu ya msumari unaouzungukia na mkia wa sentimita 1.5 chini yake. Toboa mkia, pitisha waya, uupeleke nyuma hadi kwenye kifyatuo, ukifunge *chini* ya msumari wa kifyatuo. Ukifunga juu yake, mkono utakwenda kinyume. Kidole kikivuta, waya unavuta mkia nyuma, kichwa kinashuka mbele. Springi ya kibanio cha nguo inaurudisha. Ukiona mkono unasogea kidogo tu, toboa tundu jingine la mkia karibu zaidi na msumari: mwendo utaongezeka, ila kifyatuo kitakuwa kigumu.

Kibakuli cha baruti kiko ubavuni kulia, na mwanya uko katikati. Kwa hiyo pinda kichwa cha mkono kulia, taratibu, huku ukijaribisha. Gongomea msumari wa kuuzuia pale kinywa cha mkono, yaani ncha inayoshika utambi, kinapogusa kibakuli.

4. Utambi. Kamba ya pamba ya milimita 8, izungushe kwenye mti. Zile za kweli zilichovywa kwenye maji ya shura (chumvi inayotumika kwenye baruti) ziungue polepole. Wewe ficha taa ndogo nyekundu nchani. Moto na mapazia havikai pamoja.

5. Kabla ya kutoka nayo. Kwa mbali hii ni bunduki, basi. Nenda kituo cha polisi na barua ya kikundi, uwaonyeshe kasiba isiyo na tundu, waulize kama kuna kibali kinachohitajika. Njiani ifungwe ndani ya kitambaa, na kwenye daladala au matatu isipande kabisa; kodi gari.