Kujiunga na chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga: anza kutuma data, ada utalipa baadaye

Watu wengi wakisikia chama cha astronomia wanawaza fomu ndefu, ada, mtu wa kukudhamini na darubini ya bei mbaya, basi wanaahirisha mpaka wanasahau. Kwenye hivi vyama vya nyota zinazobadilika mwanga ni kinyume kabisa, yaani kazi ndo inaanza, uanachama unafuata, na kuna watu wanatuma data, yaani vipimo vyao vya mwangaza wa nyota, miaka nenda rudi bila kulipia uanachama na hakuna anayewanunia.

Kikubwa kuliko vyote ni AAVSO. Kilianzishwa 1911 Marekani na William Tyler Olcott, mtu aliyesomea sheria akanogewa na nyota, kwa kutiwa moyo na Edward Pickering wa kituo cha kutazamia nyota cha Harvard ambaye alikuwa na nyota nyingi kuliko macho ya kuziangalia. Shida hiyo haijaisha hadi leo, na ndo maana wanapokea mtu kutoka nchi yoyote. Vipo vingine pia, BAA, chama cha astronomia cha Uingereza, kina kitengo chake cha nyota hizi, Ufaransa kuna AFOEV, Ujerumani BAV. Mi nashauri uanzie AAVSO kwa sababu ramani zao na mfumo wao wa kupokea data viko wazi kwa kila mtu, ukishazoea hapo kwingine ni rahisi tu.

Cha kwanza fungua akaunti kwenye tovuti yao halafu uombe herufi za utambulisho wa mwangalizi. Ni bure. Utapewa herufi chache tu, na kila kipimo utakachotuma kitakaa chini ya herufi hizo moja kwa moja, kwa hiyo usiombe mara mbili kwa sababu umesahau nywila, omba nywila mpya.

Pili tafuta ramani. Kuna programu yao inaitwa VSP, unaandika jina la nyota, inakutolea ramani yenye nyota za kulinganishia, kila moja imeandikiwa mwangaza wake. Namba hizo hazina nukta ya desimali, ukiona 37 maana yake magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota) 3.7, wameiondoa ili usije ukadhani nukta ni nyota. Na kumbuka namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi, hii inawavuruga sana wageni. Kila ramani ina msimbo wake pembeni, unakili kabisa, utauhitaji wakati wa kutuma.

Sasa kupima kwenyewe, hapa ndo penye utamu. Chukua nyota ya Eta Aquilae, iko karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo inaonekana karibu kila mahali duniani, haihitaji darubini, na inapanda na kushuka kati ya kama 3.5 na 4.4 kwa siku 7 na kidogo. Tafuta Altair ambayo inang'aa sana, jirani yake utamwona Beta Aquilae, 3.7, na mbele kidogo kuna Iota, 4.4. Kaa nje gizani angalau dakika 20 macho yazoee. Kisha jiulize swali moja, Eta imezidiwa na Beta? Imeishinda Iota? Kama iko katikati ya hizo mbili, kati ya 37 na 44 kuna hatua 7, ukiona imeegemea kidogo upande wa Beta, tuseme hatua 3 kutoka kwake, unaandika 4.0. Basi, hicho ni kipimo kamili cha kisayansi, umekifanya kwa macho matupu ukiwa umesimama nje na tochi yenye mwanga mwekundu.

Ukipima, peleka jicho kwenye nyota moja kisha nyingine, kila moja uiweke katikati ya macho, usilinganishe moja ukiitazama moja kwa moja na nyingine kwa kona ya jicho. Nyota nyekundu usizikodolee, ukiikazia macho inazidi kung'aa machoni mwako, zitupie jicho haraka haraka tu. Na usilinganishe nyota iliyo juu na nyingine iliyo chini karibu na upeo, hewa inakula mwanga wa ile ya chini.

Kuna jambo moja hakuna programu itakusaidia: usichungulie kipimo chako cha jana wala cha watu wengine kabla ya kupima. Ukishajua kwamba wenzako wamesema 3.9 jicho lako nalo litaona 3.9, na hapo data yako haina kazi. Andika ulichokiona hata kama kinaonekana cha ajabu. Kama nyota hukuiona kabisa, hiyo nayo ni data, unaandika alama ya < na namba ya nyota hafifu kuliko zote uliyoiona kwenye ramani, na siku nyota ikija kulipuka ghafla watu watataka sana kujua jana yake ilikuwa bado haijaonekana.

Kwenye daftari andika papo hapo: jina la nyota, tarehe na saa, kipimo, nyota mbili ulizotumia, msimbo wa ramani, na kama kulikuwa na mbalamwezi au mawingu. Muda wanautaka kwa saa za UT (saa ya pamoja ya dunia, ile ya Greenwich) au tarehe ya Julian (hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaastronomia), kwa hiyo geuza saa za kwenu, na angalia tarehe, maana usiku wa manane kwako inaweza kuwa bado jana kwa UT au tayari ni kesho. Makosa mengi ya wanaoanza yako hapa, sio kwenye macho. Kisha ingia kwenye akaunti, fungua fomu ya kutuma kipimo kimoja, jaza, tuma, baada ya muda kidogo unaiona nukta yako kwenye grafu ya nyota hiyo kati ya nukta za watu wa mabara mengine.

Unaangalia zipi sasa? Usijaze nyota 30 kwa pupa, chache zinatosha. Betelgeuse ni nzuri, mwanzoni mwa 2020 ilififia mpaka karibu 1.6, ikawa sawa na jirani yake Bellatrix, na yeyote mwenye macho aliiona. Mira inachukua siku kama 332 kung'aa, kufifia na kung'aa tena, hiyo ukiipima mara moja kwa wiki inatosha, ikififia sana utahitaji binokula au darubini. SS Cygni ni ya wenye darubini, imetulia kwenye 12 halafu inaruka hadi 8. Nyota za aina hiyo waangalizi wa AAVSO waliwahi kuombwa wazichunge ili darubini ya Hubble isizielekee zikiwa zimelipuka, mwanga mkali ungeharibu kifaa chake. Yaani watu wako uani kwao wanalinda darubini iliyoko angani.

Uanachama wenyewe ulipie ukiona umekolea. Ada ni ya mwaka na ina madaraja, kwa hiyo kabla hujalipa soma yote uone kama kuna daraja linalokufaa. Unapata haki ya kupiga kura, na pesa yako inasaidia kuendesha hazina ya data. Mtu wa kukuelekeza pia unaweza kumwomba, wana utaratibu wa kukuunganisha na mwangalizi mzoefu, na mwongozo wao wa kupima kwa macho unapakuliwa bure, umetafsiriwa kwa lugha kadhaa.

Ukigundua umetuma kipimo chenye tarehe mbovu au umechanganya nyota, usinyamaze, ingia kwenye vipimo vyako urekebishe tarehe au ukifute. Daftari lenyewe usitupe, usirarue ukurasa, kata kwa mstari mmoja andika pembeni, maana baada ya miaka mtu anaweza kukuuliza usiku ule uliona nini hasa.